Nani Aliyeandika Maagizo?

Hapa Makwale, wilayani Kyela, yupo kijana wa rika langu ambaye huenda kazini saa moja jioni bila kutoka chumbani mwake. Sisi wenzake tunapokusanyika kijiweni kubishana habari za Simba na Yanga, yeye hufunga mlango, huwasha kompyuta yake, huegesha simu dirishani mahali ambapo mtandao unashika, kisha huanza kuandika programu kwa ajili ya kampuni moja ya California. Kwao kule ndiyo kwanza saa tatu asubuhi. Akimaliza zamu yake ya saa nane, kwetu ni saa tisa usiku, na mbwa wote wa mtaa wamekwisha kuchoka kubweka.

Ofisi yake ukiiona utacheka. Meza ni ile ambayo mama yake alikuwa akiuzia vitumbua. Kiti ni cha plastiki, mguu mmoja umefungwa kamba. Chini ya meza kuna betri ya gari, kwa maana umeme hauna adabu, hasa wakati wa masika. Na mvua ya Kyela anayeijua anaijua: ikianza kupiga bati, husikii hata anayepiga kelele kando yako. Kwa hiyo siku za masika yeye haongei na mabosi wake kwa simu. Huwaandikia tu.

Mwezi uliopita alikuja kwangu na karatasi. Walitaka kumpa mkataba wa miaka miwili, mshahara wa dola, ambao hapa kwetu hata mwenye shamba kubwa la kakao angeuonea wivu. "Nkamu," akaniambia, yaani ndugu yangu kwa Kinyakyusa, "wewe si unajifanya mwandishi? Hebu nisaidie kusoma hiki kitu."

Tukasoma. Tulipofika kifungu kimoja cha katikati tukanyamaza wote wawili. Kilisema kwamba kila programu atakayoiandika katika muda wa mkataba, mchana au usiku, ya kampuni au ya kwake mwenyewe, itakuwa mali ya kampuni. Sasa kijana huyu alikuwa ameanza kuandika kiprogramu cha kuwasaidia wakulima wa hapa kutunza hesabu za mpunga na kakao. Hicho nacho kingekwenda.

"Nisaini au nisisaini?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Lakini mimi ni mtu wa kupenda historia, na swali likikaa kichwani halinitoki. Nikaanza kuchimba. Makala hii ni matokeo ya kuchimba huko.

WAZEE WALIKWENDA KWA MIGUU

Kwanza tusidanganyane kwamba kazi ya ng'ambo ni jambo jipya kwetu. Miaka ya 1930 vijana wa Unyakyusa walikuwa wakipanda kwenda Lupa, huko Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Wengine walivuka mpaka hadi kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Wataalamu wawili, mtu na mkewe, Godfrey na Monica Wilson, walikaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938 wakichunguza maisha ya watu. Waliona jinsi mshahara ulivyokuwa ukibadilisha mambo: kijana ambaye zamani alingoja ng'ombe wa baba yake ili aoe, sasa aliweza kwenda kibaruani na kurudi na fedha yake mwenyewe. Mwaka 1938 Godfrey Wilson akahamia Rhodesia ya Kaskazini kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, na huko akawachunguza wafanyakazi wa mji wa migodi wa Broken Hill, ambao leo ni Kabwe. Kwa maneno mengine, mtafiti naye alifuata njia ile ile waliyoifuata vijana.

Halafu kulikuwa na Wenela. Hili ndilo jina ambalo watu walilipa shirika lililokusanya wafanyakazi kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Lilikusanya Nyasaland, Msumbiji, Bechuanaland, na Tanganyika pia. Baada ya Uhuru wa 1961 serikali yetu ililifungia mlango. Jirani zetu wa ng'ambo ya mto Songwe waliendelea, mpaka Aprili 1974, ndege ya Wenela iliyowabeba wachimbaji wa Malawi ilipoanguka Francistown, Botswana. Ilikuwa imejazwa mafuta yasiyo yake. Watu 78 kati ya 84 walikufa, na Rais Banda akasimamisha uajiri. Uweke akilini mwaka huo wa 1974, msomaji, maana tutakutana nao tena.

Jambo moja katika habari za migodi lilinishangaza. Mgeni akifika alifundishwa kwanza lugha iitwayo Fanakalo, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Lugha hiyo haikuwa ya kutongozea mtu wala ya kusimulia hadithi. Ilikuwa lugha ya kazi: shika, sukuma, leta, fanya hivi. Mzee wa Unyakyusa aliingia chini ya ardhi akiwa mpokeaji wa maagizo. Aliyoyapokea aliyatekeleza, akalipwa, akarudi na blanketi na baiskeli. Maarifa ya mgodi, yaani nani aamue pa kuchimba, kwa hesabu gani, yalibaki kule kule.

Sasa tazama. Programu ya kompyuta nayo ni maagizo matupu. Soma, jumlisha, linganisha, andika, rudi mwanzo. Tofauti ni kwamba anayeamrishwa ni mashine, na mwandishi wa programu ndiye anayeamrisha. Ndiyo maana nikadhani rafiki yangu amepanda cheo kuliko babu yake. Kumbe nilikuwa nimefika nusu tu ya hadithi.

MASHINE YA HAZINA

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500. Jina la ubavuni lilikuwa la kampuni ya Uingereza, lakini kwa undani ilikuwa mashine ya RCA ya Marekani iliyouzwa kwa jina jingine. Mashine za aina hiyo zilikuwa na kumbukumbu ya herufi 10,000, 20,000 au 40,000. Makala hii unayoisoma isingeenea katika ile ndogo.

Usifikiri mwandishi wa programu wa siku zile alikaa mbele ya kioo kama rafiki yangu. Meza yake ilikuwa na penseli, kifutio na karatasi zenye vijumba. Aliandika maagizo yake kwa mkono, kila herufi katika kijumba chake. Karatasi ikapelekwa kwa wapiga kadi, ambao wengi wao duniani kote walikuwa wanawake, nao wakayatoboa maagizo yale kwenye kadi ngumu. Rundo la kadi likapelekwa kwenye chumba cha mashine, chenye baridi ya kiyoyozi, ambamo mwandishi mwenyewe pengine hakuruhusiwa kuingia. Akangoja. Kesho yake analetewa karatasi zilizochapwa: kuna kosa mahali fulani. Nukta moja imekosewa, siku nzima imepotea. Kadi zikianguka sakafuni na kuchanganyika, ndiyo basi tena. Sisi tunaoandika hadithi na kulia kwa sababu mhariri amerudisha muswada, tungewahurumia watu wale.

Miaka ya mwisho ya 1960 serikali ikaingia kwenye mashine kubwa zaidi, za jamii ya ICL 1900. Nia ilikuwa kuhamishia humo hesabu zote za serikali. Mwenye nchi mpya, baada ya Azimio la Arusha, alitaka kuona fedha ya umma imeandikwa sawasawa. Nia njema kabisa. Lakini walioandika maagizo na kuyaendesha walikuwa hasa wataalamu wa kigeni wa mikataba. Watanzania waliosomea kazi hiyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mgeni mkataba ukiisha alifunga sanduku. Aliyebaki alikuta mashine, kadi na karatasi, lakini fikra iliyoziunganisha ilikwisha kupanda ndege. Hesabu zikavurugika, mfumo ukaanguka, na serikali ikapoteza fedha nyingi. Ikabidi kurudi kwenye njia za zamani.

Basi tumefika 1974. Nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Aliyetaka alipaswa kuomba kibali maalumu. Siku hizi vijana wakisikia habari hii hucheka: "Eti walizuia kompyuta!" Wanadhani wazee waliogopa mashine kama mtoto aogopavyo kinyago. Si hivyo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973, mvua zilikuwa zimekataa, chakula kilinunuliwa nje, fedha za kigeni zilikuwa haba. Na juu ya hayo serikali ilikuwa imekwisha kuungua vidole. Kutia fedha zaidi katika mashine ambazo hakuna mwananchi wa kuziamuru kulionekana ni wazimu.

Lakini marufuku hiyo nayo ina deni lake. Fanya hesabu: mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1974 alikuwa na miaka 22 mwaka 1986, wakati milango ya biashara ilipokuwa inafunguliwa chini ya Rais Mwinyi na masharti ya kompyuta yakilegezwa. Umri wake wote wa kujifunza ulipita ndani ya marufuku. Wakati huo huo huko Marekani vijana wa umri wake walikuwa wakifungua mashine gerejini na kuona ndani kuna nini. Tulizuia mashine kwa sababu hatukuwa na waandishi, na kwa kuzuia mashine tukahakikisha hatutapata waandishi. Hapo ndipo mkulima anapokula mbegu kwa sababu ya njaa. Huwezi kumlaumu, lakini msimu ujao utamdai.

Hebu ona mambo yalivyokutana: mwaka mmoja, 1974, Malawi inazuia watu wake kwenda kupokea maagizo ya wengine, na Tanzania inazuia mashine zinazoamriwa na wengine. Nchi mbili jirani, ziwa moja, na kidonda kimoja.

FAHARI YETU ILIANDIKWA WAPI?

Turuke miaka. Machi 2007 Kenya ikazindua M-Pesa, mwaka uliofuata ikaja kwetu. Leo mama muuza dagaa wa Matema anapokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam kabla dagaa hawajakauka. Dunia nzima ilikuja kutazama, na tukajigamba: Afrika Mashariki imeifundisha dunia. Kwa upande wa watu, ni kweli. Sisi ndio tuliobuni namna ya kuitumia, na mawakala ni ndugu zetu. Lakini programu yenyewe iliandikwa Cambridge, Uingereza, na kompyuta zilizohifadhi hesabu za Wakenya zilikuwa Ujerumani mpaka 2015, zilipohamishiwa Kenya. Fahari ilikuwa yetu, na maagizo yaliandikwa mbali.

Sasa tazama upande wa pili. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, kikundi cha Wakenya na marafiki zao, akiwamo Ory Okolloh, kilitaka ramani ambayo raia yeyote angeweza kuarifu vurugu ilipotokea. Aliyekaa kuandika programu ni David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Aliimaliza kwa siku chache tu. Wakaiita Ushahidi, neno la Kiswahili, na wakaitoa bure, mtu yeyote aichukue, aisome, airekebishe. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, tetemeko lilipoivunja Haiti, programu hiyo ilitumika kule kuwatafuta wenye shida. Kwa hiyo kukaa ng'ambo si kosa. Kobia alikuwa ng'ambo. La maana ni kwamba alichokiandika hakikufungiwa kabatini kwa mtu.

Na wale walioajiriwa kwa wingi? Mwaka 2014 huko Lagos ilianzishwa kampuni ya Andela, ikafika Nairobi na Kampala pia. Iliwafunza vijana na kuwaunganisha na makampuni ya Marekani. Vijana wakapata kompyuta nzuri, viti vya kuzunguka na chakula cha mchana. Septemba 2019 ikawapunguza mamia ya wachanga katika nchi hizo tatu, kwa kuwa wateja walitaka wazoefu. Wengi walipata kazi kwingine, maana ujuzi waliokuwa nao haukunyang'anyika. Lakini wachanga wakajifunza jambo ambalo manamba wa mashamba ya mkonge walilijua zamani: soko la ng'ambo likikohoa, anayeugua ni wewe.

HAZINA YARUDI SHULE

Nilipofika hapa nilikata tamaa kidogo. Nikajiuliza, je, hakuna mahali ambapo sisi wenyewe tuliandika?

Yapo, na mengine yako mbele ya pua zetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Ilibidi wakae na kuamua kila neno: faili liitweje, kufuta kuitweje. Wasanifu wa lugha walikuwa wamekwisha kupendekeza kompyuta iitwe ngamizi, au tarakilishi. Watu wakaendelea kusema kompyuta. Lakini kazi ile ilikuwa na maana kubwa. Mashine ilionyeshwa kwamba yaweza kujibu kwa lugha ya sokoni kwetu.

La pili ni kubwa zaidi. Ukienda leo kulipa ada ya serikali, iwe ni leseni ama cheti, unapewa kontroo namba. Mfumo wa nyuma yake, ulioanza kutumika 2017, ulibuniwa na wataalamu wa ndani, tena wa wapi? Wa Wizara ya Fedha. Miaka michache baadaye wizara hiyo hiyo ikaleta MUSE, mfumo wa malipo ya serikali uliotengenezwa nyumbani, ukachukua nafasi ya Epicor, programu ya kununuliwa nje iliyokuwa ikitumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyumba ile ile iliyoungua na kompyuta za wageni, baada ya miaka hamsini, imejenga zake. Si kwamba hazikwami. Zinakwama. Lakini zikikwama, anayezikwamua ni mtu wa hapa hapa, na anajua kilichoandikwa ndani.

Watu hao hawakuanguka kutoka mbinguni. Wakati nafasi za kusomea kompyuta zilikuwa za kugombania, leo kijana wa kusini-magharibi ana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza 1986 kikiwa chuo cha ufundi. Mwingine ana Dodoma, chuo kilichofunguliwa 2007. Na yule ambaye, kama mimi, hakuvuka sekondari, ana intaneti, tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam mwaka 2009. Rafiki yangu amejifunza hivyo hivyo, kwa bando la usiku.

JIBU

Basi nikarudi kwa nkamu wangu. Nilimkuta mezani pa vitumbua, macho mekundu.

Nikamwambia: mimi sikukatazi kazi ya ng'ambo. Babu zetu walikwenda, na fedha waliyoileta ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini wao walikwenda kupokea maagizo, wewe unakwenda kuyaandika. Anayeyaandika ana haki ya kuuliza yatakuwa ya nani. Kiprogramu chako cha mpunga na kakao ndicho Hazina yako ndogo. Ukikiuza pamoja na usiku wako, siku mkataba ukiisha utabaki na kiti cha plastiki na fedha, na fedha ina miguu.

Akasema, "Wakikataa je? Wako vijana elfu wanaoitaka hii nafasi."

Hapo alinishika. Ni rahisi kwangu kusema haki, mimi siweki chochote rehani. Mama yake anadaiwa kwenye kikoba, na mdogo wake anaanza kidato cha kwanza. Tukakaa kimya. Kwa mbali milima ya Livingstone ilikuwa imevaa wingu.

Mwishowe tukaandika barua pamoja, yeye Kiingereza cha kazi, mimi adabu. Tuliomba maneno machache tu yaongezwe katika kifungu kile: kwamba mali ya kampuni ni yale anayoyaandika katika saa za kampuni, kwa kazi ya kampuni. Basi. Alibonyeza kutuma saa nne usiku. Ninapoandika mistari hii majibu hayajafika.

Ila kuna jambo jingine amelianza bila kungoja majibu. Amenunua daftari kubwa la kaunta, na kila anachokiandika kwa ajili ya wakulima anakieleza humo kwa Kiswahili: hapa nimefanya hivi, kwa sababu hii, ukitaka kubadilisha anzia hapa. Na Jumapili baada ya ibada vijana wawili wa sekondari wanakuja kukaa kwenye meza ile kusoma daftari na kujaribu. Mmoja ni msichana, na tayari amempata kosa moja.

Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na daftari ilhali mashine inakumbuka yote.

Akajibu, "Ili nikiondoka, wasibaki na kadi tupu."